Sema kasoro kabla ya bei: namna ya kuuza nafaka bila kumpunja mtu

Mteja wangu mmoja, mama lishe, alikuja saa nne asubuhi, soko limeshachangamka. Hakupiga kelele. Alifungua kiganja akaweka juu ya meza yangu kipande cha uzi wa nailoni wa bluu, bado kimejikunja-kunja pale kilipopita kwenye mdomo wa gunia. Jana yake jioni alikuwa amenijia na mahindi mkononi, yananuka uvundo, punje nyingine zimeota ukungu wa kijani, nami nikamkana mbele ya watu: "Mama, haya si ya kwangu, labda umechanganya na ya kwingine." Sasa uzi ulikuwa mezani. Katika Soko la Majengo, Dodoma, enzi hizo aliyekuwa anashonea magunia kwa uzi wa bluu nilikuwa mimi peke yangu.

Nilimrudishia pesa. Maneno sikuwa nayo. Alizihesabu, akazifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka.

Huu ni mwaka wangu wa 14 kwenye nafaka: mchele, mahindi, maharage, karanga kidogo. Wateja wananiita Mama Maharage. Ninayoandika hapa nimeyajua kwa hasara, na nayaandika kwa anayeanza biashara, hasa ya kupima kwa kilo. Anayeuza vitenge au anayetengeneza simu atachukua lake.

Watu husema uaminifu ni kitu cha moyoni, unacho au huna. Mimi moyo wangu siutegemei sana, hasa Januari ada za shule zikipiga hodi. Ninachotegemea ni kazi za mikono: kufuta sahani ya mizani, kuandika kibao, kupiga simu kabla ya siku ya deni haijafika. Duka lipange hivyo, kwamba uongo ukitaka kupita ukwame mlangoni.

Mizani kabla ya chai

Ukifungua, kabla hujaagiza chai, inua sahani ya mizani ufute chini yake. Vumbi la dona na pumba za mchele hujazana hapo usiku na mchana. Kisha angalia mshale. Kama mizani iko tupu na mshale umesimama kwenye gramu 30, basi kila atakayekuja leo utamuuzia gramu 30 za upepo. Mizani ya saa ina kibonyezo au skrubu ya kurudisha mshale sifuri; itumie.

Njia yangu ya haraka ya kuijaribu ni chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo haijafunguliwa. Maji ya lita moja ni kilo moja, kwa hiyo chupa ile lazima isome kilo moja na nusu na kidogo juu kwa ajili ya plastiki. Ikisoma chini ya hapo, mizani inakuibia wewe. Ikisoma kilo 1.6, inamwibia mteja. Hiyo ni ya kukutuliza roho tu. Mwenye neno la mwisho ni Wakala wa Vipimo, wanaokagua mizani kila mwaka na kubandika stika. Usiwakimbie. Nimeona wafanyabiashara wakisikia wakaguzi wameingia sokoni wanafunika mizani kwa turubai na kusema leo hawauzi. Mteja anayepita anayaona yote hayo, halafu kesho unamwambia "karibu mama".

Igeuze mizani imwangalie mteja. Mimi yangu niliigeuza kabisa, mimi ndiye ninayechungulia kwa pembeni. Shingo inauma kidogo jioni.

Sasa nikwambie ujanja mmoja ambao nao niliufanya, kwa sababu nilifundishwa na aliyenipokea sokoni. Unapima pungufu, kilo inasoma kilo lakini umeshaicheza, halafu unachota mchele kidogo kwa kiganja unamwongezea mteja juu, huku unatabasamu: "Nyongeza yako hiyo, mama." Mteja anaondoka anakuombea dua. Siku moja nilipima kile kiganja changu cha nyongeza: gramu 50. Nilichokuwa nimempunja kilikuwa gramu 70. Yaani alinishukuru kwa kumrudishia sehemu ya mali yake.

Piga hesabu ya wizi huo, maana wengi wanaiba bila kupiga hesabu. Ukipunja gramu 50 kwa kila kilo, kwenye gunia la kilo 100 umebaki na kilo tano. Mchele ukiwa 3,000 kwa kilo, ni 15,000. Mteja wangu wa familia ananunua kilo 25 kwa mwezi, faida yangu ni kama 200 kwa kilo, basi ananiachia 5,000 kwa mwezi, 60,000 kwa mwaka. Mmoja tu akinikimbia, nitahitaji kuwapunja watu magunia manne mazima ili nirudi pale pale. Na hakimbii peke yake. Huyu anaimba kwaya, ana kikoba, ana mashemeji.

Kasoro kwanza, bei baadaye

Hili ndilo kubwa katika yote, ndiyo maana nimelifanya kichwa cha habari.

Mzigo wowote una kasoro. Mchele una chenga, una mawe, mwingine ni wa mwaka jana. Maharage ya njano yanaiva haraka lakini yakikaa yanapasuka. Mekundu yaliyokaa sana yanakula mkaa mpaka unakata tamaa. Swali ni nani atakayeitaja kasoro kwanza na atakuwa amesimama wapi. Mteja akiigundua nyumbani, umemtapeli, hata kama hukusema uongo hata mmoja. Ukiisema baada ya bei, inaonekana umebanwa, naye anaanza kukushusha. Ukiisema kabla ya bei, ni habari ya mzigo tu, kama rangi yake.

Kwa hiyo mimi nasema hivi, kwa mpangilio huu huu:

"Huu ni wa Mbarali, wa msimu uliopita. Una chenga kidogo, na mawe mawili matatu hayakosi, upembue kabla ya kuosha. Unataka maji mengi kuliko mchele mpya. Ni 2,600."

Anayekubali hapo amekubali na mawe yake. Harudi kunigombeza. Anayekataa anaondoka sasa hivi, mikono mitupu, lakini bila kinyongo, na mara nyingi anazunguka soko anarudi. Muuzaji wa pili kumwambia "hauna jiwe hata moja" ndiye anayenirudishia.

Nisikudanganye, wiki tatu za kwanza niliuza kidogo. Jirani yangu alinicheka: "Wewe unauza au unatoa ushahidi mahakamani?" Nilirudi nyumbani siku moja na magunia yote niliyokuja nayo. Kama unaanza njia hii, weka akiba ya mwezi mmoja, maana mwezi wa kwanza utakula akiba hiyo.

Na majina. Hapa nchi nzima tuna ugonjwa: mchele wowote unaonukia kidogo ni Kyela. Kama mchele wote unaouzwa kwa jina hilo ungelimwa Kyela kweli, isingebaki nafasi ya mmea mwingine kule, wakati wilaya hiyo hiyo inalima kakao mpaka inajulikana nchini kwa hilo. Wanachanganya debe moja la Kyela na madebe matatu ya kwingine, wanaandika "Super Kyela", basi. Mimi sina ugomvi na kuchanganya. Kuna mama lishe wanaotaka mchanganyiko, unawapa harufu kwa bei wanayoiweza. Kosa liko kwenye jina. Gunia langu la mchanganyiko nimeliandikia kibao "MCHANGANYIKO", kwa herufi kubwa, na ndilo linaloisha haraka kuliko yote.

Kwenye kila kibao andika mambo manne: umetoka wapi, wa msimu gani, chenga nyingi au chache, na unapikwaje. Hilo la kupika usilidharau. Mchele mpya hunywa maji kidogo na hushikana. Wa zamani hunywa maji mengi na hujaa sufuria. Mteja aliyezoea wa zamani ukimpa mpya bila kumwambia, atapika uji, halafu atasema umemuuzia mchele mbovu. Wewe hukudanganya, ila ulinyamaza.

Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui. "Sijui kama haya maharage yanaiva haraka, nimeyapokea jana. Chukua nusu kilo ujaribu." Mteja anakuheshimu zaidi kwa jibu hilo kuliko kwa viapo. Anayeapa "haki ya Mungu" kwa nusu kilo ya maharage, mimi mwenyewe namwogopa.

Mahindi yenye unyevu: hapa hakuna mzaha

Chenga na mawe ni kero. Ukungu ni kitu kingine kabisa.

Uzi wa bluu ulikuja kabla ya mwaka 2016, na wakati huo neno sumukuvu nilikuwa silijui. Nilijua mahindi "yamepata unyevu", unayaanika juani, unapepeta, unayachanganya na mazuri, yanauzika. Mwaka 2016 watu wakaanza kuugua huku kwetu, mikoa ya Dodoma na Manyara: kutapika, tumbo kujaa, miguu kuvimba, macho kuwa ya njano. Wengine walikufa. Ikajulikana ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye mahindi na karanga. Kumbe Wakenya yalishawafika: mwaka 2004, maeneo ya Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na 125 kati yao wakafa.

Nilikaa nikafikiri. Yule mama aliponirudia, tayari alikuwa amesaga debe moja na kuwapikia vijana wa ujenzi. Sijui walikuwa wangapi kwenye foleni yake siku hiyo. Namshukuru Mungu sikusikia lolote, lakini kutosikia si kujua.

Ushike haya. Sumukuvu haionekani kwa macho. Ukungu ni dalili tu, na mahindi yanayong'aa yanaweza kuwa nayo. Kuchemsha hakuiondoi, ugali ukiiva na sumu imo. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 za sumu hiyo kwa kilo, kitu kidogo mno, cha maabara. Wewe sokoni huwezi kukipima, ila unaweza kuzuia kilichoileta, yaani unyevu. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5.

Kama huna kipima unyevu, kuna njia ya chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Tia mahindi mpaka kama robo ya chupa, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu (ianike kwanza au ikaange kidogo kwenye sufuria), funga, tikisa vizuri, acha dakika 15. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, usiyanunue wala usiyauze, yarudi juani. Chumvi ikianguka yote chini, umevuka mlango wa kwanza. Kutoka hapo hadi 13.5 ndiko kunahitaji kifaa; sisi wauzaji wanne tulichanga tukanunua kimoja, kinalala kwangu, na anayekichukua anaandikwa daftarini.

Yaliyoota ukungu usiuze "kwa bei ya kuku". Kuku naye anaumwa, na ng'ombe akiyala sumu inamfuata hadi kwenye maziwa, ambayo mtoto wa mteja wako ndiye atakayeyanywa. Mimi gunia kama hilo naliteketeza. Inauma. Mwaka jana niliteketeza mawili, nikasimama pembeni naangalia zaidi ya laki moja ikitoa moshi.

Unaponunua, wewe ndiye mwenye nguvu

Wengi wakisikia uaminifu wa biashara wanafikiria mteja tu. Mkulima je?

Huku kwetu kuna lumbesa: gunia linajazwa, halafu linashonewa kilemba juu, linaongezwa na kuongezwa mpaka limekuwa na shingo. Mkulima analipwa gunia moja. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, na kila mwaka tunatangaziwa, lakini mnunuzi akifika kijijini mwezi wa saba, mkulima ana mtoto wa kupeleka shule, nani atamwambia ashushe kilemba? Mimi nimenunua lumbesa, sikatai. Niliacha siku nilipoipima moja ikafika kilo 127, nikaona kilo 27 za mtu mwingine zimekaa kwenye mizani yangu.

Dawa ni fupi: nunua kwa kilo, nenda na mizani yako, pima mbele yake, na umwache aguse. Soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, wanapima, ndiyo maana napenda kununua huko hata kama bei iko juu kidogo.

Mkulima naye si malaika, tusibembelezane. Nimefungua gunia nikakuta mchanga katikati kama mboni ya jicho. Ndiyo maana kuna bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji unachokidunga gunia ukatoa punje za katikati. Choma juu, katikati, chini. Usione aibu, na usimtuhumu mtu kabla hujachoma: "Mzee wangu, nipe ruhusa nichome, ndiyo kazi yetu." Kumkagua mtu na kumwamini vinakaa nyumba moja bila kugombana.

Deni: piga simu kabla hawajakupigia

Mali bila daftari hupotea bila habari, hilo kila duka limelibandika ukutani, na chini yake hakuna daftari. Mimi kila anayekopa ana kidaftari chake cha kurasa 40, anakaa nacho yeye; mimi nina kikubwa. Tunaandika vyote viwili papo hapo. Hesabu zikigongana, tunafuata ndogo, nami nabeba. Haijatokea zaidi ya mara tatu.

Ugumu uko kwa deni langu mimi. Nafaka inachukuliwa kwa mkopo: mwenye mzigo anakuachia magunia, unamlipa baada ya wiki mbili. Wiki mbili zikifika na huna, shetani anakuletea msiba. Sokoni kwetu kuna shangazi waliokufa mara nne. Mwenye mzigo mmoja aliniambia anaandika misiba ya wateja wake nyuma ya daftari, na kuna mtu ameshazika mama mzazi mara mbili.

Fanya hivi. Piga simu siku moja kabla, wewe ndiye upige. Usianze na hadithi. Anza na kiasi:

"Kaka, ile laki nane ya Ijumaa haijatimia. Nina laki tatu, naituma sasa hivi ukikata simu. Tano iliyobaki ni Jumanne ya wiki ijayo."

Halafu nyamaza. Akifoka, mwache afoke, ni pesa yake. Tuma ile laki tatu hapo hapo, kabla hujaenda popote. Na hiyo Jumanne uliyoitaja, itaje kwa hesabu, si kwa kumfurahisha. Watu huharibikiwa hapo: aibu inawafanya wataje siku ya karibu ili simu iishe vizuri, halafu Jumanne inakuwa uongo wa pili, na uongo wa pili ndio unaokunyima mzigo msimu ujao.

Na kuhusu pesa za simu: mtu akikutumia zaidi kwa bahati mbaya, irudishe, lakini kwa kupitia kampuni ya simu, usiitume tu kwa namba uliyopigiwa. Matapeli wanatumia uaminifu wako huo huo. Hakikisha kwanza salio limeongezeka kweli, si ujumbe wa kughushi.

Nyumbani

Hapa nitakuwa mfupi, wahusika wengine bado ninaishi nao.

Niliwahi kukopa kwenye kikoba milioni moja na laki mbili bila mume wangu kujua, nikanunua mahindi, bei ikaanguka. Nilipoona nitaumbuka, nikamwambia. Ila nilimwambia laki nne. Nilijiona nimefanya ushujaa. Hata machozi nilitoa. Alinyamaza, akasema tutalipa, akauza mbuzi wawili. Miezi miwili baadaye akakutana na mweka hazina wetu kwenye daladala, akapewa pole ya milioni moja na laki mbili.

Alichoniuliza usiku ule hakikuwa kuhusu deni. Aliuliza: "Siku ile ulivyokuwa unalia, ulikuwa unalia kwa ajili ya ile uliyoniambia au ile uliyoificha?" Mpaka leo sina jibu zuri.

Kwa hiyo, kama una jambo la kumwambia mwenzako, taja jumla. Namba nzima, ya mwisho, siku moja. Ukikata vipande unadhani unampunguzia maumivu, kumbe unamfundisha kwamba kila ukisema kitu kuna kingine nyuma yake. Na muda uchague vizuri: si mbele ya watoto, si akiwa na njaa, si Jumapili mkiwa na wageni. Baada ya hapo usimharakishe akusamehe.

Usilolazimika kusema

Kuna watu wakisikia habari hizi wanadhani lazima mtu uvue nguo zote. Hapana.

Mteja akikuuliza umenunua kwa bei gani, huna deni la kumjibu. Lakini usimwambie "nimenunua hivyo hivyo, sipati kitu, nakusaidia tu". Nani anafungua duka saa kumi na mbili asubuhi ili asipate kitu? Sema: "Hiyo ya kununulia siisemi, dada, ila bei yangu ya mwisho ni 2,500." Na ikiwa ya mwisho, iwe ya mwisho. Ukishuka tena baada ya kuapa, umemfundisha asikuamini kesho.

Siri za wateja pia si zako. Nani anakopa, nani amepunguza kutoka kilo 25 hadi tano, hayo yanakaa kwenye daftari. Jirani akiuliza, "Siku hizi mama fulani anakula nini?" jibu ni kucheka tu na kuendelea kupepeta.

Kuhusu kijana wa dukani nina kanuni moja. Kikipungua kitu akaniambia siku hiyo hiyo, simkati mshahara. Nikikigundua mwenyewe, namkata. Kabla ya hapo nilikuwa nakata kila kitu, na hakuna kitu kilichowahi "kupungua". Vilikuwa vinapotea tu. Na usimtume akampunje mteja kwa ajili yako. Mkono uliouzoeza kupunja hauulizi mali ni ya nani.

Ukikosea

Utakosea. Mzigo mbovu utakupita, hesabu itakuponyoka. Kuomba radhi nako kuna namna yake, nami nilijifunza nimechelewa.

Taja kosa kwa jina lake. Usiseme "kama nimekukwaza". Sema "nilikuuzia mahindi yaliyooza na nikakukana mbele ya watu". Kama ulimwaibisha mbele ya watu, msafishe mbele ya watu, si chemba. Rudisha pesa yote na nauli. Usimpe zawadi ili anyamaze. Halafu usidai jibu.

Baada ya yale ya 2016 nilimtafuta yule mama. Nilimkuta kwenye banda lake, anageuza ugali, vijana wamekaa kwenye mabenchi wanasubiri sahani. Nikasema nilichokwenda kusema, kwa sauti ya kusikika, mwiko wake ukiwa hewani. Nilikuwa nimebeba gunia la mahindi kwenye bodaboda, mahindi mazuri kabisa ya Kibaigwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema amesikia, na kwamba hana kinyongo, na kwamba gunia nirudi nalo kwa sababu mahindi anayo.

Bado anapita sokoni kila Alhamisi. Tunasalimiana, ananiuliza watoto, namuuliza mguu wake. Kisha anaingia kwa jirani yangu wa pili, ndiko anakonunua.

Uzi wa bluu bado ninaushonea.